"Mimi sisahau": kwa wahudumu wapya wanaotembelea wazee

Ukimwuliza mzee wa Newala au Nachingwea, "Babu, kumbukumbu ikoje?" akakujibu "Nzima kabisa," usiishie hapo. Hakudanganyi. Dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoleta usahaulifu, huweza kuharibu sehemu za ubongo zinazomwezesha mtu kujipima mwenyewe, hasa za mbele, hivyo anasahau na hajui kwamba anasahau. Kuna siku anajua, kesho yake hajui tena.

Kwa hiyo mpime. Mpe maneno matatu: korosho, mtumbwi, kinu. Ayarudie papo hapo, uhakikishe amesikia. Zungumzeni mengine kwa dakika 5, kisha mwulize. Asipopata hata moja, halafu akakusimulia harusi yake mwanzo mwisho, usishangae: ya zamani hukaa zaidi kuliko ya leo. Kama Kiswahili si lugha yake ya nyumbani, tumia Kimakonde au Kimwera, la sivyo unapima lugha.

Kisha ongea na ndugu pembeni, asisikie. Uliza vitendo: pesa za korosho msimu huu kahesabu nani? Chungu kimewahi kuungulia jikoni? Majibu yao yakipishana sana na yake, hapo ndipo pa kuandika.

Mzee anayelalamika mwenyewe kwamba anasahau, tena hapati usingizi wala hataki kula, mfikirie pia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Na aliyechanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu apelekwe hospitali leo hii. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, kukaukiwa maji au sukari kushuka.

"Dawa nimeshameza" nalo si ushahidi. Hesabu vidonge. Aliyepewa 30, akaanza tarehe 1, kimoja kila siku, asubuhi ya tarehe 11 kabla hajameza abaki na 20. Vikiwa 14 anarudia dozi, na mwenye kisukari anaweza kuzimia. Dawa atunze mtu mwingine.

Wakwe nao huumia. Bibi anasema kitenge chake kimeibwa, mkwe anamjibu, "Si umekificha mwenyewe, kama jana!" Bibi hana hiyo jana. Mfundishe mkwe aseme, "Pole bibi, tukitafute wote," waanzie chini ya godoro na ndani ya ndoo ya unga. Kisa atakisahau, lakini uchungu wa kubishiwa utabaki naye.

Akikutwa nje usiku wa manane, waeleze majirani na balozi wa nyumba kumi mapema, kabla neno "mchawi" halijatamkwa: ametoka kwa sababu anadhani kumekucha, anawahi shambani.