Katriji mpya, karatasi nyeupe

Ilikuwa Alhamisi jioni, masika yananyesha Makorora, Tanga, na asubuhi yake nilikuwa na mtihani wa tuisheni wa wanafunzi 32. Wino mweusi wa printa ukaisha. Sikutaharuki, maana katriji mpya ilikuwa kabatini, hata mfuko wake haujachanwa. Nikabadilisha. Karatasi ya kwanza ikatoka nyeusi tii, ya pili nayo nzuri. Ya tatu maandishi yakaanza kufifia kuelekea chini, ya nne kama imeandikwa kwa maji ya chai, ya tano nyeupe pe.

Nikaingia kwenye menyu, nikachagua kusafisha kichwa, ile sehemu yenye vitundu vinavyorusha wino kwenye karatasi. Mara moja, mbili, mpaka tano. Kila mara printa inakoroma weee, kisha inanitolea karatasi nyeupe. Sikujua kwamba kila usafishaji hufyonza wino na kuumwaga kwenye sifongo iliyo tumboni mwa printa, na kwamba printa yangu hufyonza rangi zote kwa pamoja, hata zile zisizo na tatizo. Nilikuwa nimekaa pale namwaga bluu na njano ili kumtibu mweusi.

Wanafunzi nikawaandikia maswali ubaoni. Mchana mvua ilipokatika nikaifunga printa kwenye keria ya baiskeli, imekaa wima, taratibu mpaka kwa fundi Ngamiani.

"Shikamoo mwalimu. Umebadilisha wino?"

"Marahaba. Nimebadilisha jana tu, na ni mpya."

Akafungua, akaichomoa katriji, akaigeuza juu. Kulikuwa na utepe wa rangi ya chungwa, nusu umebanduka, nusu bado umeng'ang'ania. "Na huu ulikuwa unamwachia nani?"

Mimi nilikuwa nimetoa kifuniko cha chini, kule wino unakotokea, nikaona kazi imekwisha. Kumbe utepe wa juu ndio uliziba tundu la hewa. Ukitoboa kopo la maziwa tundu moja tu, maziwa hutoka matone mawili matatu kisha yanagoma, mpaka utoboe la pili. Katriji ni hivyo hivyo: wino ukitoka lazima hewa iingie mahali pake. Ndiyo maana zile karatasi mbili za mwanzo zilikuwa safi. Kwa hiyo ikikuanzia vizuri halafu ikafifia, kabla ya kulaumu duka angalia tundu la hewa. Na utoe utepe wenyewe tu. Vile vipande vya shaba usivibandue wala usivishike kwa vidole, maana ndivyo vinavyozungumza na printa. Ikikuambia katriji haitambuliki, ichomoe, pangusa shaba kwa kitambaa laini kikavu, irudishe mpaka usikie "ta!". Mara nyingi huishia hapo.

Basi, utepe ukatoka, wino ukarudi. Lakini maandishi yalikuwa na mistari myeupe iliyokatiza katikati, kama shati la draft. Fundi akachapisha karatasi ya kupima vitundu, ile yenye vijistari kama ngazi, na ngazi ya mweusi ilikuwa imepungukiwa vidato kadhaa.

"Nyumbani unaizimaje?"

Nikamjibu naizima ukutani, kwenye soketi. Nani asiyezima ukutani, na umeme wenyewe wa LUKU, wa kulipia kabla? Akatikisa kichwa. Ukizima kwa kitufe cha printa, kichwa hurudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachokizuia kisikauke. Ukikata umeme ukutani printa ikiwa bado imewaka, kichwa kinaweza kubaki popote kilipo, wazi, na wino ukagandia kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele. Nami nilikuwa nafanya hivyo kila siku. Sasa kitufe kwanza, nasubiri itulie na taa izime, soketi baadaye. Umeme ukikatika wenyewe katikati ya kazi, ukirudi naiwasha kisha naizima kwa kitufe, hata kama sina cha kuchapisha.

Dawa ya kichwa kilichoganda ni subira. Safisha mara mbili, isizidi tatu, chapisha karatasi ya kupima, kisha iache ilale usiku kucha ili wino mbichi ulainishe ule mkavu. Yangu ilikuwa na mistari Ijumaa, Jumamosi asubuhi ikaamka mzima.

Lakini kwanza ujue kichwa chako kiko wapi. Printa nyingi za HP na Canon zenye katriji mbili tu, nyeusi na ya rangi, kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe. Hapo ukibadilisha katriji umebadilisha na kichwa, na kama imekauka unaweza kuikandamiza taratibu juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji ya betri yenye uvuguvugu (yale meupe ya kuongezea, si asidi) mpaka iache alama ya wino. Maji ya bomba yana chumvi zake, achana nayo. Epson, na nyingi zenye katriji moja kwa kila rangi, kichwa kimo ndani ya printa. Hizo kufa kwa kichwa ni hasara kubwa, wakati mwingine kuliko bei ya printa.

Wanaojaza wino kwa sindano: printa kwa kawaida huhesabu matone na kuweka hesabu kwenye chipu, kile kipande kidogo cha elektroniki cha katriji; haioni wino. Itasema tupu na wewe umejaza. Hilo la kawaida. Hatari ni kinyume chake, kuilazimisha ichapishe wakati kweli imekauka, maana printa zinazorusha wino kwa kuuchemsha huutegemea huohuo wino kupoza kichwa.

Na kama umefanya yote na bado ina mistari siku ya pili, usinunue katriji nyingine kwa kubahatisha. Nenda kwa fundi na ile karatasi ya ngazi mkononi, ya kwanza na ya mwisho, aone vidato vipi vimerudi na vipi vimegoma palepale.