Wekundu wa Bitiruti Si Damu

Ujauzito wangu wa kwanza ulipofika wiki ya 20, kipimo cha wingi wa damu kilisoma 8.6, ilhali mjamzito hutarajiwa asishuke chini ya gramu 11 kwa desilita. Nilirudi nyumbani na vidonge vya FEFO, yaani vya madini ya chuma na foleti (vitamini ya kusaidia kutengeneza damu), vilivyofungwa katika kibahasha cha karatasi, na kabla sijamaliza kuvua viatu mama mkwe alikuwa ameshamtuma kijana sokoni akalete bitiruti. "Mwanangu, damu hailetwi na vidonge," aliniambia, na kwa kuwa alikuwa amelea watoto sita na mimi sikuwa nimelea hata mmoja, sikuona cha kubisha.

Kwa wiki nne nilikunywa glasi mbili kila siku: asubuhi bitiruti iliyosagwa pamoja na karoti, jioni choya, ambayo wengine huiita rozela, iliyochemshwa mpaka ikakolea. Haja ndogo ilitoka na wekundu, nami nikachukulia hiyo kuwa dalili kwamba damu imejaa hadi inamwagika. FEFO ilinitia kichefuchefu na kufunga choo, hivyo nikawa naimeza siku mbili au tatu kwa wiki, tena kwa chai ya rangi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani. Kipimo cha pili kilisoma 8.3.

Nesi aliyenihudumia siku hiyo hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimewahi kuona ng'ombe anayekula majani akatoa maziwa ya kijani.

Nilipotulia na kusoma, niligundua kwamba nilikuwa nimeamini rangi. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu, ambayo kwa baadhi yetu hupita mwilini na kutoka na mkojo, wala haihusiani na wekundu wa damu, unaotokana na himoglobini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza bila madini ya chuma. Gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu 1 ya madini hayo, na mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma kinachotoka kwenye mimea. Kidonge kimoja cha FEFO kina takriban miligramu 60, kwa hiyo ili kupata kiasi hicho kwa bitiruti peke yake ningelazimika kula zaidi ya kilo saba kwa siku. Sisemi kwamba bitiruti haina faida, kwani ina foleti, ambayo mjamzito anaihitaji. Ninachosema ni kwamba haiwezi kushika nafasi ya kidonge nilichokuwa nakiacha kwenye droo.

Chai nayo ilikuwa ikiniharibia hata siku zile chache nilizomeza dawa, maana tanini iliyomo hushikamana na chuma tumboni na kupunguza kwa kiasi kikubwa kile kinachofyonzwa. Nilianza kumeza kidonge usiku kabla ya kulala, kwa maji na chungwa moja, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini, na chai nikaisogeza mbali na milo. Kichefuchefu kilipungua sana. Choo kilikuwa cheusi, jambo lililonitisha mpaka nilipoelezwa kwamba ndivyo chuma kinavyofanya. Upande wa chakula niliongeza dagaa, maharage na nyama kila ilipopatikana.

Jirani aliyekuwa akinihakikishia kwamba bitiruti ilimpandisha damu kutoka 9 hadi 12 nilimuuliza baadaye kama alikuwa akinywa na vidonge. Alishangaa swali lenyewe. "Vya kliniki? Hivyo si lazima kila mjamzito anapewa?" Alikuwa amevimeza kila siku bila kukosa, ila sifa zote akaipa juisi. Tangu hapo, mtu akinieleza kwamba kitu fulani kimemponya, huuliza kwanza alipimwa lini kabla na lini baada, kisha nauliza alikuwa akitumia nini kingine.

Ningependa pia msomaji aelewe kwamba upungufu wa damu hauna chanzo kimoja. Malaria huvunja chembe nyekundu, minyoo ya safura hunyonya damu kwenye utumbo, na mwenye selimundu (sikoseli) anaweza kuwa na damu pungufu huku chuma kikiwa kingi mwilini, kwa hiyo hata vidonge vyenyewe si vya kununua dukani na kumeza kwa kubahatisha. Mimi nilipimwa malaria, nikapewa dawa ya minyoo, ndipo nikaendelea na FEFO bila kuruka siku.

Katika wiki ya 34 kipimo kilisoma 10.9. Mama mkwe alipoiona kadi aliisoma mara mbili, akainuka, akaenda jikoni kusaga bitiruti nyingine.