Ghala halikuwa kosa

Wiki hii mmetuuliza: Je, Mkristo anayeweka akiba na kukata bima amepungukiwa na imani? Mimi nasema hapana, ingawa najua wapo wachungaji watakaonipinga.

Nikisoma mfano wa tajiri mpumbavu katika Luka 12, sioni Bwana Yesu akimlaumu kwa shamba lake kuzaa sana, wala kwa kuwaza pa kuiweka nafaka. Yusufu naye aliweka akiba. Kwa miaka 7 ya shibe alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri, na Farao mwenyewe akakiri kwamba Roho wa Mungu yumo ndani yake. Tajiri alipotea pale alipoiambia nafsi yake, "Pumzika basi, ule, unywe, ufurahi." Roho yake aliikabidhi kwa ghala. Tena katika hesabu zake zote hamna mtu mwingine, hata jirani mmoja, ilhali ghala za Yusufu zilifunguliwa njaa ilipoingia.

Hapo ndipo humkumbuka Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale. Mwaka 410 Wavisigothi, kabila la Kigermani, wakiongozwa na mfalme wao Alariki waliuteka mji wa Roma, ambao kwa karibu miaka 800 haukuwa umetekwa na adui wa kigeni. Wapo waliodai umeanguka kwa sababu umeiacha miungu yake ya zamani. Augustino alitumia miaka mingi kuwajibu, akionyesha kwamba hakuna dola ya wanadamu iliyoahidiwa kudumu, hata ikitawaliwa na Wakristo. Ila mimi hunigusa zaidi jinsi alivyoishi. Aliagiza vyombo vitakatifu vya kanisa viyeyushwe ili wakombolewe mateka na wasaidiwe maskini. Wavandali, kabila jingine la Kigermani, walipouzingira mji wake wa Hipo, Afrika Kaskazini, hakukimbia. Alifia humo Agosti 430, maadui wakiwa bado nje ya kuta.

Basi weka akiba, andika na wosia. Paulo hakumtuma Timotheo awanyang'anye matajiri mali yao. Alimtuma awaagize wasiutumainie utajiri usio yakini, wawe tayari kutoa. Mimi hujipima hivi: akiba yangu imemfaa nani asiyeweza kunilipa?

Nina neno kwa wahubiri, maana jambo hili huniumiza. Mtu aliyepoteza kazi juzi, au aliyeona akiba yake ya uzeeni ikiyeyuka, asihubiriwe kwamba mali ni ubatili. Hilo analijua kuliko sisi. Yakobo alitukanya tusimwambie mwenye njaa aende kwa amani akashibe, na huku hatumpi kitu. Waebrania 13:14 inasema hapa hatuna mji udumuo, na mistari miwili mbele inatuagiza tusisahau kutenda mema na kushirikiana. Anayekwenda kumsomea mtu huyo mstari wa kwanza, aufikie na huo wa pili, na asiende mikono mitupu.