Jibu kwa aliyependa Clair de lune kisha akakwama: nilivyojifunza kumsikiliza Debussy

Mkuu, umeandika kwamba uliisikia Clair de lune, kile kipande cha piano, kwenye video ya harusi, ukaipenda, ukaenda kumtafuta Debussy mwenyewe, Mfaransa aliyeitunga, ukasikiliza vipande sita saba na vyote vikateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Unauliza kama kuna kitu unakikosa au ile moja ilikuwa bahati tu. Umesema pia kwamba unapiga kinanda kanisani na unasoma nota za do-re-mi. Nitakujibu kwa urefu, maana nilikwama hapo hapo ulipokwama kwa karibu miaka miwili, na kilichonitoa hakikuwa kusikiliza zaidi.

Mimi nami ni mpiga kinanda wa kwaya. Sikio letu sisi limelelewa na sauti nne, ubeti na kiitikio, na kubwa zaidi limelelewa kungojea. So-ti-re-fa zikilia pamoja, kila mtu kanisani, hata asiyejua nota, anajua do inakuja. Wimbo unakwenda nyumbani. Clair de lune (kwa Kiswahili tungesema tu Mbalamwezi) inakupa bado kidogo cha safari hiyo: ina wimbo unaoweza kuuimba bafuni, na mwishoni inatua mahali unapopatambua. Ndiyo maana ilikuingia. Ila hata yenyewe, jaribu kuipigia kofi mwanzoni uhesabu mapigo, utapotea. Pigo limefichwa makusudi. Vipande vingine ulivyosikiliza vinakwenda mbali zaidi: kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja, kama ile so-ti-re-fa) inayotakiwa kurudi do hairudi, inakaa palepale, au inahamia jirani na kuondoka. Mtu aliyezoea kungojea anangoja mpaka kipande kinaisha, halafu anasema hakikutokea kitu.

Mimi nilikuwa nasikiliza kwa spika ya simu, mara nyingi ndani ya daladala. Hilo peke yake lingetosha kuniharibia. Kuna kurasa nzima za Debussy zilizoandikwa pp, yaani kwa sauti ya chini sana, na besi yake inakaa chini kabisa ambako spika ya simu haifiki. Nilikuwa nasikia theluthi moja ya muziki na kuuhukumu wote. Kwa hiyo la kwanza kabisa: hedifoni, chumba kimya, kipande kimoja tu. Usiache simu ijichagulie kinachofuata.

Kilichonifungua masikio lakini kilikuwa fundi wa piano. Shule moja ya zamani ya misheni ilikuwa na piano ya mbao, ile ya kusimama, haijaguswa miaka, na mzee mmoja fundi alikuja kuifanyia tuning. Nikaombwa nimsaidie kushika taa. Alipotoa ubao wa mbele nikaona nyuzi kwa mara ya kwanza, zaidi ya 200, na juu ya karibu kila uzi, isipokuwa ile ya juu kabisa, kipande cha sufi nzito kinachoulalia ili usilie. Akaniambia, "Kanyaga pedali ya kulia, kijana, halafu liite jina lako humo ndani." Nikakanyaga, vile vipande vya sufi vyote vikainuka kwa pamoja, nikaita. Piano ikaniitikia. Hakuna aliyegusa ufunguo wowote, lakini nyuzi zilizofanana na sauti yangu zilitetemeka zikairudisha, hafifu, kama mtu anayejibu kutoka ng'ambo ya mto. Nywele zilinisimama.

Halafu akanionyesha jambo la pili, na hili unaweza kulijaribu kwenye piano yoyote ya nyuzi. Bonyeza do ya katikati polepole mno mpaka isilie, uishikilie hivyo. Sasa piga do ya chini yake kwa nguvu, uiachie mara moja. Ile ya juu ambayo hukuipiga inabaki inalia. Fanya hivyo hivyo na so iliyo juu ya do ya katikati: nayo inaamka. Maana yake noti moja ya chini imebeba nyingine tumboni mwake: do, so, do, mi, zikipanda. Pedali ikiwa chini, zote hizo zinapata mahali pa kuimba.

Usiku ule nilirudi kwa Debussy na nikasikia muziki mwingine kabisa. Nilikuwa nasikiliza vidole, na yeye aliandika kwa ajili ya kinachobaki hewani vidole vikishatoka. Ukishalijua hilo, swali la "wimbo unakwenda wapi" linakuachia. Unaanza kufuata mlio: unazaliwa vipi, unachanganyika na nini, unafifia wapi.

Sasa anza na hiki: Voiles, cha pili katika kitabu cha kwanza cha Préludes, kitabu chenye vipande 12 kilichotoka mwaka 1910. Kwako wewe unayesoma do-re-mi kitakuwa rahisi kukielewa kuliko kwa wasomi wengi. Imba hivi: do, re, mi, fe, se, le, do. Hakuna nusu toni hata moja (hatua ndogo kama ya ti kwenda do), hakuna ti ya kuivuta do, kwa hiyo hakuna nyumbani. Kila noti ni sawa na mwenzake. Karibu Voiles yote imejengwa kwa ngazi hiyo, na chini yake kuna B bemoli moja (B iliyoshushwa nusu toni) inayogonga na kugonga kama chombo kilichofungwa nanga. Halafu katikati, kwa muda mfupi, upepo unaingia: ngazi inabadilika kuwa ile ya noti tano, funguo nyeusi tupu, inapanda kwa kasi, kisha unatulia tena kule kule kwenye fe na se. Ukilisikia badiliko hilo bila kuambiwa liko wapi, umeshavuka.

Na jina lake. Kwa Kifaransa voiles ni matanga ya chombo, au ni shela za kufunika uso. Neno likiwa peke yake katika wingi huwezi kujua lipi. (Sisi nasi tuna matanga ya chombo na matanga ya msiba, kwa hiyo hatuna shida kuelewa neno linalosimama katikati.) Debussy aliyaweka majina ya vipande hivi mwishoni mwa ukurasa, ndani ya mabano, baada ya noti ya mwisho. Nalichukulia hilo kama maelekezo: sikia kwanza, jina baadaye. Niliwahi kumpigia dada yangu rekodi ya Voiles bila kumwambia kinaitwaje. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kama vile mtu anasubiri boti." Tumekulia Tanga, pengine ni hilo.

Baada ya hapo nenda La cathédrale engloutie, cha kumi katika kitabu hicho hicho. Kinahusu hekaya ya watu wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, ya mji wa Ys uliozama baharini, na kanisa lake ambalo siku nyingine hupanda juu ya maji alfajiri, kengele zinalia, kinanda kinapigwa, kisha linazama tena. Hapa nilipata mshtuko wa aina nyingine. Nilipokuwa najifunza kutunga, mwalimu wangu wa kwaya alinichorea mistari myekundu kila nilipoandika kwinti sambamba, yaani sauti mbili zilizoachana do na so zinapohama pamoja kwenda re na la. Ni kosa, alisema, na kwa mtindo ule wa sauti nne alikuwa sahihi. Sasa fungua ukurasa wa kwanza wa kanisa hili lililozama: kwinti sambamba juu hadi chini, mikono yote miwili, zinapanda polepole kutoka kwenye ukungu. Debussy alisoma Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, tangu akiwa na miaka kumi, sheria aliijua vizuri. Alitaka sauti ile ya kale, tupu, ya kabla ya sheria.

Wala si ngeni kwetu. Wagogo wa Dodoma wanaimba hivyo tangu enzi, sauti mbili zikiambatana kwa kwinti na kwati (kama do na fa), na ngazi yao imefuata zile zile sauti zilizomo tumboni mwa noti ya chini ambazo fundi alinionyesha. Kama umewahi kumsikiliza Hukwe Zawose na wenzake, mlango wa kanisa hilo uko wazi kwako tayari. Sisemi Debussy aliwasikia, hakuwasikia. Wote wawili walisikiliza mlio wenyewe ulivyo.

Aliowasikia ni Wajava. Mwaka 1889 Paris ilifanya maonyesho makubwa ya dunia, yale ya mnara wa Eiffel, na pale kulikuwa na kijiji cha Java chenye wapigaji wa gamelan: upatu mkubwa na vyombo vingine vya shaba vya kugonga, kila kimoja kwa mwendo wake. Debussy alitimiza miaka 27 mwaka huo na hakuusahau muziki ule. Kwenye Pagodes, kipande cha kwanza cha Estampes (1903), utasikia mlio kama wa upatu chini ukigonga mara chache, wimbo wa noti tano katikati, na juu noti ndogo ndogo zinazokimbia. Tabaka tatu, mwendo tatu. Mtu wa ngoma hapotei humo hata kidogo.

Kuhusu neno "impreshonisti", ambalo watu humwita nalo Debussy, usijisumbue sana. Lilianza kwa wachoraji, kutokana na picha ya Claude Monet ya bandari ya Le Havre alfajiri iliyoonyeshwa Paris mwaka 1874, na mhakiki mmoja akaligeuza kejeli. Debussy hakulipenda kabisa; mwaka 1908 alimwandikia mchapishaji wake kwamba wanaolitumia ni wajinga. Mimi nalitumia kwa sababu ndilo utakaloandika ukitafuta.

Maurice Ravel, mtunzi mwingine Mfaransa, nenda kwake ukishatulia na Debussy. Watu huwataja pamoja kama mapacha, nami sioni hivyo. Kwa Debussy ukingo wa kila kitu umelowana; Ravel kila tone lina umbo. Jeux d'eau, aliyoiandika mwaka 1901, ni maji ya chemchemi yanayomwagika kwenye jua, na kila noti unaiona. Lakini ninayoipenda mno ni Une barque sur l'océan, cha tatu kati ya vipande vitano vya Miroirs. Mkono wa kushoto unapanda na kushuka bila kukoma, na wimbi kubwa linajengeka taratibu sana hadi huwezi kulizuia. Mtu aliyewahi kuwa ndani ya ngalawa kusi linapovuma anajua kwamba bahari haikupigi ghafla, inakuinua kwanza. Ravel alijua. Kipande hicho nimekisikiliza mara nyingi kuliko chochote nilichokutajia hapa.

Umeuliza rekodi zipi. Kwa Debussy, mpiga piano Walter Gieseking ndiye ambaye wengi wetu tulianzia kwake: rekodi zake ni za zamani, zina mchakacho kidogo, lakini pedali yake ni ya ajabu. Kisha msikilize Arturo Benedetti Michelangeli kwenye Images, hasa Reflets dans l'eau, iliyorekodiwa mwaka 1971. Ni safi kama kioo, wengine wanaiona baridi. Mimi siioni baridi. Sikiliza kipande kimoja kwa wapigaji wawili siku moja. Debussy mwenyewe alipiga baadhi ya vipande vyake kwenye karatasi za kutobolewa za piano ya kujipiga, na ukisikia kanisa lake lililozama utashangaa: kuna mahali anakwenda kasi mara mbili ya ilivyochapishwa. Hata noti zilizochapwa si neno la mwisho.

Kuhusu kupiga mwenyewe, usianze na Clair de lune. Ina bemoli tano na katikati yake patakuvunja moyo. Anza na Des pas sur la neige, nyayo juu ya theluji, ukurasa mbili tu, polepole, mkono mmoja ukirudia hatua ile ile ya kuchechemea. Au La fille aux cheveux de lin: bemoli sita zinatisha kwenye karatasi, lakini mkono unalala wenyewe juu ya funguo nyeusi. Noti za Debussy na Ravel zote mbili haki miliki imeshakwisha, wamefariki 1918 na 1937, kwa hiyo unazipakua bure bila wizi.

Kinanda chenu cha kanisani chenye funguo 61 kitakusumbua, nakuambia mapema. Vipande hivi vinahitaji chini na juu zaidi ya hapo. Lakini angalia nyuma yake, karibu na tundu la waya wa umeme. Vingi vina tundu la pedali ambalo hakuna aliyewahi kulitumia. Nunua pedali, ni ya bei ndogo. Halafu utafute piano ya nyuzi popote ilipo mjini kwenu, shuleni, hotelini, kwenye ukumbi wa misheni, uombe dakika kumi tu. Kanyaga pedali ya kulia, piga do ya chini kabisa mara moja, toa mkono, usiguse kingine. Mimi nilihesabu hadi thelathini na bado ilikuwa inalia, na ndani yake nilikuwa nasikia so.