Sitiari za Uhunzi: Ushauri kwa Watunzi Wenzangu

Tangu nitangaze kwamba shairi langu la mhunzi limepata nafasi katika diwani ya pamoja, nimepokea ujumbe kutoka kwa watunzi chipukizi wa Kisumu, Kakamega na Nakuru, na karibu wote wanauliza jambo moja: mtu atumieje sitiari za ufundi wa jadi bila shairi lake kuonekana limepitwa na wakati? Swali hilo linanifurahisha kuliko wanavyodhani, kwa sababu shairi hilihili lilikataliwa zamani na mhariri mmoja, ambaye sitamtaja, aliyeniandikia kwamba nyundo na mivukuto ni mambo ya makumbusho. Maneno hayo nimeishi nayo miaka mingi, na leo, kwa idhini yenu, nitayajibu.

Nadhani mhariri huyo hakuwahi kukanyaga soko la Kibuye, hapa Kisumu. Upande wa jua kali, yaani wa mafundi wadogo wa soko hilo, utawakuta vijana wakizungusha feni iliyofungwa kwenye gurudumu la baiskeli ili kuchochea makaa, fuawe yao ikiwa ni kipande cha reli, na chuma chao kikiwa ni springi za magari yaliyochakaa, ambazo kabla ya jioni zimekuwa panga na visu vya kupasulia samaki. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini uhunzi wa eneo hili ni wa kale kuliko reli. Wasamia wa upande wa Busia walitoa chuma katika mawe ya vilima vyao na kuwauzia majirani zao Waluo majembe, na jembe lilihesabiwa hata katika mahari. Sielewi ni vipi mtu ambaye babu yake alioa kwa majembe ataambiwa kwamba jembe ni sitiari ya kigeni kwake.

Hata hivyo, beti nyingi mnazonituma zina udhaifu ambao mhariri yule angeushangilia. Mhunzi ndani yake ni Mungu, au mama, au mwalimu, au (Mungu atuepushe) mheshimiwa mbunge, naye hafanyi lolote ila kupiga nyundo. Mmoja wenu aliandika, “Mhunzi wa roho yangu, yeyusha chuma moyoni.” Mizani imetimia, sikatai. Lakini mzee mmoja wa Kibuye niliyemsomea mstari huo alicheka, akaniambia, “Nyathina (yaani mwanangu), hapa chuma hakiyeyuki. Kikianza kurusha cheche kabla sijakipiga, ujue kimeungua, na hakuna nyundo itakayokiponya.” Mhunzi hulainisha, anayeyeyusha na kumimina ni fundi wa kalibu, na kazi yake ni nyingine. Mtunzi asiyetofautisha mafundi hao ameazima jina la ufundi tu, akauacha ufundi wenyewe sokoni.

Ngoja niwaeleze shairi langu lilivyopatikana. Ndugu yangu na mimi tulikuwa tumekosana juu ya shamba la marehemu baba, na nilizoea kupita kwa mzee yule ili nisirudi nyumbani mapema. Siku moja alikuwa anatengeneza kisu. Alikitoa motoni kikiwa chekundu, akakitumbukiza majini, na mimi nikadhani kazi imekwisha. Yeye akachukua kipande kingine kilichozimwa vivyo hivyo, akakigonga kwenye reli, kikakatika kama kioo. Kisha akakisugua kile kisu upande mmoja mpaka ukang'aa, akakirudisha karibu na makaa, mbali kidogo na ule moto mkali wa mwanzo, akakaa kutazama rangi. Ilianza manjano hafifu ya majani makavu, ikaelekea kahawia, na hapo akakiondoa haraka. Shoka, aliniambia, huachwa liende mpaka karibu na zambarau, kwa sababu linapigwa na ni lazima listahimili. Nilirudi nyumbani nikiwa na ubeti huu:

Chuma kilichozimika, ghafula mle majini,
Ugumu kikijivika, hakifai mkononi,
Pigo moja chavunjika, kikatawanyika chini,
Nawe uliyeudhika, kirudishe makaani.

Sikuhitaji kusema kwamba mhunzi ni fulani. Hasira yangu ilikuwa imezimwa majini, ngumu na isiyofaa kitu, na ule moto wa pili, mdogo na wa subira, ndio uliokuwa umekosekana baina yetu. Shairi zima lina beti saba, na nyundo haimo hata mara moja. Hilo ndilo mhariri yule aliloshindwa kuliona, naye, nasikia, bado anahariri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chukua hatua moja ya kazi, usichukue kazi nzima. Nenda karakanani, simama, tazama, uliza. Hasa uliza ni nini huharibika, kwa maana fundi akieleza kilichoharibika hufungua mlango ambao sifa haziufungui. Ukienda Tabaka, kule Kisii, kwa wachongaji wa mawe ya sabuni, utaona jiwe likisuguliwa kwa msasa na maji, na utajua kwamba mchongaji hupunguza tu na hawezi kurudisha alichokwisha kuondoa, ilhali mhunzi huusogeza mwili wa chuma bila kuupunguza sana. Sitiari ya majuto basi ni ya mchongaji, na ya msamaha ni ya mhunzi. Wafinyanzi nao wapo wanaosaga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo mbichi, ili chungu kipya kistahimili moto. Methali yetu humhurumia mfinyanzi kwa kulia gaeni. Mimi namwonea wivu, kwa kuwa hata gae lake lina kazi. Mjane, mkimbizi, mtu aliyefilisika: shairi lao limo humo, na sijaliona bado kwa yeyote.

Tena nawasihi, vijana, muache uvivu wa kutungia kitandani. Vina mtavipata kwenye kamusi, lakini rangi ya manjano inayotangulia kahawia hamtaipata humo. Nendeni, msimame, mtazame, na mnunue kisu, kwa sababu muda wa fundi ni mali yake, na mshairi anayemmalizia mtu asubuhi yake kwa maswali kisha akaondoka mikono mitupu hana adabu.

Mnaotaka nisome kazi zenu, zitumeni. Kila shairi liambatane na sentensi moja inayoeleza mlimwona wapi fundi huyo na ni kitu gani kilichomharibikia siku hiyo. Lisilo na sentensi hiyo sitalisoma, hata kama mizani yake imetimia.