Kisu cha springi mfukoni: maswali yenu na majibu yangu

Barua za mwezi huu zimeshikilia jambo moja: kile kisu cha kukunja ambacho ukikisukuma kidogo kwa kidole kinamalizia kufunguka kwa nguvu ya springi. Wengi mnaouliza mko Marekani. Mmewaona wenzenu kazini wakikichomoa kukata selotepu, nanyi mnataka chenu. Wengine mko Uingereza na Kenya, na kwenu jibu ni tofauti kabisa, kwa hiyo kila mtu asome lake, tena asome na la jirani.

Kaka, supavaiza wetu ghalani amepiga marufuku visu vya kufyatuka. Changu kina springi lakini hakina kitufe. Kimo kwenye marufuku hiyo? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Kamuulize yeye mwenyewe, tena kabla hajakiona kiunoni kwako. Ghala lina kanuni zake, na zinaweza kuwa kali kuliko sheria ya jimbo. Lakini nenda ukiwa unajua unachokieleza.

Kisu cha kitufe, hiki ambacho watu hukiona kwenye sinema, kina springi inayousukuma ubapa utoke nje muda wote. Kinachouzuia ni pini tu. Ukibonyeza kitufe kwenye mpini, pini inaachia na ubapa unaruka. Chako ni kinyume chake. Kikiwa kimefungwa, springi inauvutia ubapa ndani. Lazima uuguse ubapa wenyewe, ama kwa dole gumba kwenye kinundu kilicho ubavuni mwake, ama kwa kidole cha shahada kwenye kidomo kinachochomoza mgongoni mwa mpini. Ukishausogeza kidogo, kama nyuzi 30 hivi, springi inavuka kikomo chake na kugeuka: iliyokuwa inazuia sasa inasukuma. Hapo ndipo unausikia ule mlio wa "tak". Katika visu vingi vya Kershaw, kampuni ya kutengeneza visu, springi yenyewe ni waya mmoja mwembamba wa chuma uliokunjwa ncha, umelala ndani ya mpini na unafanya kazi kwa kusokoteka.

Aliyeuingiza mfumo huu kwenye visu vya Kershaw ni fundi Ken Onion wa Hawaii, mwishoni mwa miaka ya 1990, na kampuni ikauita SpeedSafe. Blackie Collins, fundi mwingine wa Marekani, naye alikuwa na chake katika muongo huohuo. Faida wanayoisifia ni mkono mmoja: mkono wa kushoto umeshika boksi au kamba, wa kulia unafungua kisu.

Sasa nikwambie ninavyoona mimi. Kama kazi yako ni maboksi kutwa nzima, usikitese kisu kizuri. Karatasi ngumu ya boksi inakula makali kuliko unavyodhani. Tumia kile kisu cha ghala chenye wembe wa kubadilisha, na hiki cha springi kibaki cha mambo mengine: kamba, mikanda ya plastiki, tunda la saa ya mapumziko.

Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa sheria ya Marekani imeviruhusu visu hivi nchi nzima. Ni kweli? Niko New York. (Msomaji, Bronx)

Marahaba. Ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kukupeleka kituoni.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 ilizuia biashara ya visu vya kitufe kati ya jimbo na jimbo. Mwaka 2009 idara ya forodha ilipendekeza kuvihesabu hata hivi vya springi kuwa visu vya kitufe. Wenye viwanda na watumiaji wakapiga kelele, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likaongeza kifungu: kisu ambacho springi yake inauvuta ubapa ubaki umefungwa, na kinachohitaji mkono uusukume ubapa, hakimo katika katazo hilo. Ndiyo maana vinauzwa madukani waziwazi.

Lakini sheria hiyo inahusu biashara na uingizaji. Kubeba barabarani ni shauri la jimbo na la jiji. Jijini New York, kisu chenye ubapa wa inchi 4 au zaidi hakibebwi hadharani, na kisu kinachoonekana ni kosa hata kikiwa kifupi. Zingatia hilo la pili. Klipu inayoning'inia nje ya mfuko wa suruali, ambayo mjini kwingine hakuna anayeitazama, Bronx inampa polisi sababu ya kukusimamisha. Sheria ya jimbo iliyokuwa ikiwakamata watu kwa visu vya kufunguka kwa mrusho wa kiganja ilifutwa mwaka 2019, na wengi walioumizwa nayo walikuwa wafanyakazi waliobeba visu vya kazi, weusi na Walatino wengi wao. Nalieleza hili kwa uchungu kwa sababu watu wetu wanafanana na hao waliosimamishwa.

Na siku ya miadi ya uhamiaji au mahakama, kisu kibaki nyumbani. Usikiache kwenye begi ukisema utakikabidhi mlangoni. Usitegemee kuwekewa amana mlangoni, na miadi uliyoisubiri kwa miezi haifai kupotea kwa ajili ya inchi 3 za chuma.

Binamu yangu aliye Texas anataka kunitumia kisu cha springi kama zawadi ya harusi. Mimi niko Birmingham, Uingereza. Nimwambie nini? (Msomaji)

Mwambie asitume. Uingereza ilivipiga marufuku visu vya kitufe tangu 1959, na sheria ya silaha ya mwaka 2019 ikapanua maana yake hadi ikavigusa na hivi vya springi. Tangu tarehe 14 Julai 2021, kuwa nacho hata kabatini kwako ni kosa. Kukiingiza nchini pia ni kosa, kwa hiyo mtumaji na mpokeaji wote mmo hatarini.

Unachoruhusiwa kutembea nacho bila kuulizwa sababu ni kisu cha kukunja kisicho na kufuli ya kuushikilia ubapa ukiwa wazi, makali yasiyozidi inchi 3. Victorinox ndogo ya kawaida, kile kisu cha mfukoni cha Uswisi, inaingia humo. Binamu akitaka kukupa kisu, akupe hicho.

Mdogo wangu, mume wangu anakiweka hiki kisu mfuko mmoja na funguo, na watoto wanamrukia akirudi kazini. Kinaweza kufunguka chenyewe? (Mama wa watoto watatu, Dallas)

Shikamoo dada. Kinaweza, na mimi nina kovu la ushahidi.

Kisu changu cha kwanza cha springi nilikinunua kwa bei ya chini, cha kampuni ambayo sitaitaja. Nilikibeba miezi kadhaa bila tatizo. Vumbi la nguo na nyuzi za mfukoni vikajaa kwenye bawaba, ubapa ukawa haurudi hadi mwisho, unabaki umechungulia kidogo. Nikaona ni jambo dogo. Siku moja nikainama kuinua kiroba cha mchele, funguo zikakisukuma kidomo, na springi ikafanya ilichoundwa kufanya. Nilihisi joto pajani kabla ya maumivu. Nikashonwa nyuzi tano. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka miwili wakati huo, na alipenda kuuning'inia mguu uleule. Bado nikilifikiria hilo mkono unanitetemeka.

Basi mwambie shemeji mambo haya. Kisu kikae peke yake mfukoni, bila funguo wala sarafu. Kining'inie kwa klipu wima kwenye kona ya nyuma ya mfuko, mgongo wa ubapa ukiegemea mshono, ili hata kikitaka kufunguka kikutane na kitambaa na kusimama. Kila wiki akipulize au akisugue kwa mswaki mkavu, kisha tone moja la mafuta kwenye bawaba. Na kama ananunua kipya, atafute chenye kizuizi cha ziada. Kershaw Leek, chenye ubapa wa inchi 3, kina kitelezi kidogo mwishoni mwa mpini kinachoishika ncha isitoke. Ukikisukuma upande mmoja, hata ukivuta kidomo kwa nguvu, hakuna kinachotokea. Wapo wanaokiondoa wakidai kinawachelewesha. Baba wa watoto watatu asikiondoe.

Na akifika mlangoni, kabla ya watoto kumrukia, kisu kitoke mfukoni kiende mahali pa juu. Iwe desturi kama kuvua viatu.

Mjomba anakuja likizo kutoka Marekani. Nimemwomba aniletee kisu cha springi cha kuparia samaki. Achukue chuma gani? Anaweza kuingia nacho ndani ya ndege? (Msomaji, Mombasa)

Nianze na la ndege, ni fupi: hapana. Kiende kwenye mzigo wa chini, kimefungwa vizuri ili anayekagua asijikate. Mwaka 2013 Marekani ilitangaza kuviruhusu visu vidogo ndani ya ndege, wahudumu wa ndege wakapinga, na mpango ukaachwa kabla haujaanza.

La samaki linanigusa zaidi, maana nimekulia karibu na mnada wa samaki. Kisu cha springi hakifai kazi hiyo, hata kiwe cha dola 200. Fikiria mpini wake: mabamba mawili, uwazi katikati, waya wa springi, bawaba, skrubu ndogondogo. Magamba, damu, mchanga na maji ya chumvi vitaingia humo, na huwezi kuviosha bila kukifungua chote. Kwa wiki moja kitanuka, kwa mwezi springi itashika kutu. Kupara samaki kunataka kisu kisichokunjwa, chembamba, ambacho ukimaliza unakisuuza bombani.

Ukikitaka kwa kamba, nyavu na mambo ya mfukoni, hapo sawa, na chuma ndicho cha kuangalia. Chuma kiitwacho D2 kinasifiwa sana kwa sababu kinashika makali muda mrefu na bei yake si kubwa. Lakini hiyo si chuma isiyoshika kutu kamili. Ina kromiamu, metali inayokinga kutu, ya asilimia 12 hivi, na sehemu kubwa imefungwa ndani ya chembe ngumu, hivyo inayobaki kukinga kutu haitoshi. Kwa hewa ya Mombasa utaona madoa ya kahawia upesi. 8Cr13MoV, ya Kichina, ni laini zaidi: inanoleka kwa urahisi na inavumilia unyevu kiasi, ila utainoa mara kwa mara. 14C28N ya Sweden ndiyo ningemwambia mjomba aitafute. Ina kromiamu ya asilimia 14 pamoja na naitrojeni, inapata makali mazuri kwenye jiwe la kawaida, na ipo hata kwenye visu visivyo ghali mno. Kuna na vyuma vya baharini hasa, kama H1 ambayo kampuni ya visu ya Spyderco waliitumia kwenye visu vyao vya maji ya chumvi, lakini hivyo hufunguliwa kwa dole gumba tu, bila springi. Kwa Pwani, mimi ningechukua hicho bila kujiuliza.

Nataka cha kujilinda usiku nikitoka kazini. Chenye springi kinafunguka upesi, ndiyo maana. (Msomaji, Nairobi)

Ndugu yangu, usikinunue kwa sababu hiyo. Mwenye kukuvizia amekukaribia kabla hujafika mfukoni, na mkono unaotetemeka hauipati klipu. Ukishakichomoa, aliyetaka simu yako sasa anataka kukuua. Kisu cha kukunja kina hatari nyingine pia: ukichoma na ncha ikagota kwenye kitu kigumu, mkono unateleza kuelekea makali, au kufuli inaachia na ubapa unarudi juu ya vidole vyako mwenyewe.

Halafu kuna sheria. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamshughulikia anayekutwa na silaha katika mazingira yanayoonyesha nia ya uhalifu mkubwa. Mkaguzi akikuuliza usiku kisu ni cha nini, na jibu lako ni "cha kujilinda na watu", umejimaliza. Tumia nauli ya boda hadi mlangoni, tembea na wenzako, na simu ukinyang'anywa, iache iende.

Springi yangu imekatika. Nilikuwa nikikifungua na kukifunga nikitazama mpira. Nikitupe? (Msomaji, Minneapolis)

Usikitupe. Ule waya huchoka kwa kukunjwa mara nyingi, na kukichezea mbele ya televisheni ndiko kunakoumaliza. Kisu bado ni kizima. Kifungue kwa dole gumba hadi kufuli ilie, kisha ujaribu kuukandamiza mgongo wa ubapa kwa kiganja, vidole vikiwa mbali na makali. Kama kufuli haiyumbi, endelea nacho. Angalia tu kimoja: bila ile springi ya kuuvuta ndani, ubapa unaweza kulegea ukiwa umefungwa. Kishike kikiwa kimefungwa, ncha ikielekea chini juu ya meza, na ukitikise. Ubapa ukitoka hata kidogo, kisibebwe mfukoni mpaka kitengenezwe.

Usianze kufungua skrubu. Waandikie kwanza waliokitengeneza, ukitaja modeli iliyochongwa kwenye ubapa, uulize kama wanatuma springi mpya. Ukikifungua mwenyewe kabla ya kuuliza, dhamana inaweza kupotea, na zile skrubu ndogo zikidondoka kwenye zulia utazitafuta hadi kesho.