Kabla hujashika mwiko: kwa saidia fundi anayetaka kuwa mwashi

Kijana mpya akiingia saiti, siku ya kwanza tu macho yake yako kwenye mwiko. Namwelewa. Mimi miezi minne nilibeba ndoo na kukoroga mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, huku nikimwangalia fundi anavyopanga tofali kama mtu anayepanga vikombe kabatini, nikajiambia, kumbe hii kazi nyepesi. Siku niliyopewa mwiko nilijenga mita tatu za ukuta, na zote tatu zilishushwa kabla ya chai ya saa nne.

Kilichonikuta ni hiki. Fundi alikuwa amenyanyua kona mbili, akafunga kamba kutoka kona hadi kona, akaniambia nijaze katikati. Tofali la kwanza likagusa kamba. La pili nikaligusisha vizuri zaidi, nikidhani ndio ufundi wenyewe. Sasa kila tofali lililogusa liliisukuma kamba kidogo, unene wa karatasi tu, na lililofuata likaifuata kamba iliyokwisha kusukumwa. Kufika katikati, ukuta una tumbo. Fundi akasimama kwenye kona, akafumba jicho moja, akatazama, kisha akaanza kushusha tofali moja moja bila hata kunifokea. Akanionyesha: kati ya tofali na kamba upite mwanga, unene wa msumari mdogo. Ukiidonoa kamba kwa kidole icheze, isikwame popote.

Nimeanza na kamba kwa sababu ndiyo itakayokutesa kwanza. Lakini kamba nayo inategemea kona, na kona inategemea kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa matofali, ile ambayo wengi wanaiharakisha kwa kuwa itafukiwa na kifusi na tajiri mwenye nyumba hataiona.

Kozi ya kwanza usianze kwa kumwaga mota. Panga matofali makavu juu ya msingi, kona hadi kona, ukiacha nafasi ya jointi, ile mota inayokaa kati ya tofali na tofali. Hapo utaona kipande cha tofali kitaangukia wapi na mlango utakula tofali ngapi. Kona yenyewe ipigwe skwea, yaani iwe pembe mraba: pima futi 6 upande mmoja, futi 8 upande wa pili, na mshazari kati ya alama hizo mbili usome futi 10 kamili. Ukisoma 10 na inchi, usijidanganye kwamba utarekebisha ukifika juu. Ukuta haurekebishiki ukifika juu, na fundi wa vigae atakutukana siku ukiwa umeshahama mkoa.

Halafu tengeneza fito yako. Chukua mbao nyembamba iliyonyooka, uichore alama za kozi. Tofali la block la kawaida lina kimo cha inchi 9, weka jointi ya nusu inchi, kwa hiyo alama kila inchi 9 na nusu. Kozi tisa zinakufikisha juu kidogo ya futi 7, ndipo lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, inapokaa. Bila fito, kona moja utaweka jointi ya nusu inchi, nyingine robo tatu, na kwa jicho huoni tofauti. Zidisha robo inchi kwa kozi tisa: zaidi ya inchi mbili. Lenta itakaa kama kitanda kilichovunjika mguu.

Pimamaji nayo ipime kabla haijakupimia. Ilaze mahali, tazama povu la hewa ndani yake limekaa wapi, kisha igeuze kichwa kiende mkiani, palepale. Povu likihama, hiyo pimamaji ni mgonjwa. Yangu ya kwanza ilianguka toka jukwaani, nikaifuta vumbi nikaendelea nayo wiki nzima. Sitaki kuieleza hiyo wiki. Kwa kona zilizo mbali tumia mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, na hakikisha hauna hata povu moja la hewa. Kwa kwenda juu, timazi, ule uzi wenye uzito, haina ubishi, ila siku ya upepo uzito wake uutumbukize kwenye ndoo ya maji utulie.

Sasa mota. Hapa ndipo saidia fundi anapoweza kumzidi fundi, na ndipo ninapokuomba usione miezi ya kukoroga kama adhabu. Pima kwa ndoo, usipime kwa koleo. Koleo la mchanga mbichi lina mlima, la mchanga mkavu ni bapa, na la mtu aliyechoka ni nusu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, yaani ndoo mbili za lita 20 kasoro kidogo. Ndoo kumi za mchanga kwa mfuko mmoja zinakupa karibu moja kwa sita, inatosha kuta za nyumba ya kawaida. Wa moja kwa kumi na mbili wapo, na utawajua: ukuta wao unaukwangua kwa funguo.

Mchanga uujaribu. Tia kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa, uache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, tope litakaa juu yake. Tope likiwa nene, huo mchanga urudi ulikotoka. Wa baharini usiuguse, chumvi itakufuata ukutani miaka.

Changanya kavu mpaka rangi iwe moja, usione mstari wa kijivu, ndipo utie maji kidogo kidogo. Kipimo changu: chota mota kwa mwiko, utikise kidogo iushike mwiko, kisha upindue mwiko. Ikidondoka yote mara moja, ni uji. Na usikoroge mfuko mzima saa sita kasoro halafu mkaenda kwa mama lishe. Mota ikikaa saa mbili imeshaanza kushika, na kuiongezea maji ili ilainike ni kuivunja nguvu. Fundi atakwambia ongeza tu. Mjibu kwa adabu, "Fundi, nikoroge mpya kidogo?" Mara nyingi atakubali, maana naye anajua.

Ukipanga, mota iwe kitandani, yaani chini ya tofali, na kwenye kichwa cha tofali, ule upande mfupi, pia. Wanaoanza wanapaka chini tu, kichwa wanakipitishia mwiko baadaye kwa nje; ndani patupu, na mvua ya upepo inapenya. Shusha tofali, libonyeze, ligonge kwa mpini mara mbili tatu, basi. Likishashika usilichezee. Kama limekaa vibaya, ling'oe, kwangua, weka mota mpya. Kila tofali lipande katikati ya mawili ya chini. Kwa siku usizidi kozi sita, mota ya chini bado mbichi na itaminywa na uzito. Kesho yake mwagia maji, na uendelee wiki.

Ukienda Iringa au Mbeya utakutana na tofali za kuchoma, na hizo ni kabila lingine. Zina kiu. Ukizipanga kavu zinanyonya maji ya mota kabla saruji haijashika, ukuta unabaki kama mchanga uliorundikwa. Zichovye kwenye pipa kwanza. Block za saruji usizichovye. Jua likiwa kali zinyunyizie tu.

Mazoezi fanya nyumbani. Tafuta matofali thelathini, hata yenye nyufa, na mota ukoroge ya udongo wa kichuguu, bila saruji. Jenga kona jioni, ipime, ibomoe, yaoshe matofali. Kona ndiyo shule. Katikati ya kamba mtu yeyote anajaza.

Saruji inakula vidole, hasa ukiivaa ikiwa mbichi siku nzima. Vaa glavu hata zikikukera, na unawe vizuri mchana.

Kuhusu malipo: fundi hulipwa kwa tofali, saidia kwa siku. Usikimbilie kulipwa kwa tofali mwaka wa kwanza, utajifunza kasi kabla ya unyoofu, na kasi ya ukuta uliopinda unailipia mwenyewe kwa kubomoa.

Kama hukupita chuo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi wa mtaani: unapimwa kwa unachokijua, unapata cheti. Mimi nilienda nikiwa na woga wa maswali ya darasani. La kwanza likawa uwiano wa mota. Nikajibu kwa ndoo. Mpimaji akacheka, akaandika.